Kibiwott, Fundi wa Moshi

Hakuna aliyewahi kumwita Kibiwott fundi wa joto, lakini ukiviangalia vitu vilivyopita mikononi mwake pale Kibomet, karibu na mji wa Kitale, kwa miaka kumi na tisa, utaona ndivyo alivyokuwa. Pasi za umeme, mabirika, mashine za kukausha nywele kutoka saluni ya jirani yake Wangechi, na zaidi ya vyote mashine za kutotolea vifaranga, ambazo wakulima walimletea kutoka Kiminini, kutoka Ndalu, hata kutoka huko juu Endebess alikozaliwa. Redio hakuzipenda. Simu alizikataa kabisa.

"Mimi nataka kitu ambacho kikipona, mkono wako unajua," alikuwa akimwambia mke wake, Lorna. "Simu ikipona unajua aje? Mpaka ikuambie yenyewe."

Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kwa kazi ya mezani. Kasoro yake kubwa ilikuwa moja: hakupenda kusema "sijui." Ukimletea kitu asichokijua, angekigeuzageuza, akakohoa kidogo, kisha akakwambia urudi Alhamisi.

Ndivyo alivyomwambia Nasike.

Nasike alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Bungoma, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Aliingia kibandani asubuhi moja ya mwezi wa tano, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso kama mtoto mchanga.

"Fundi, habari ya kazi."

"Mzuri, mama. Karibu."

"Kuna mwalimu wa Ndalu ulimtengenezea mashine ya vifaranga. Yeye ndiye amenituma kwako. Lakini usinicheke, tafadhali."

Akaifungua leso. Ndani mlikuwa na injini ya garimoshi, nyeusi tii, ndefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole, nzito kama jiwe la kusagia. Ilikuwa na magurudumu yenye vyuma vya kusukumana ubavuni, taa mbele, na bomba fupi la moshi juu.

"Hii ni ya mtoto?" Kibiwott akauliza.

"Ni ya baba yangu. Ana miaka themanini na moja."

Akamweleza. Baba yake, Mzee Wekoye, alikuwa fayaman wa reli zamani zile za injini za mvuke, yule mtu anayesimama nyuma ya dereva akilisha moto na kulinda maji. Dada yake Nasike, Fridah, ni nesi ng'ambo, na mwaka juzi alimpata mjane mmoja huko aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe. Akanunua kitreni hicho, reli zake na mashine yake ya umeme, akavileta nyumbani Krismasi. Tangu siku hiyo sebule yao ilikuwa stesheni. Treni ilizunguka meza, ikapita nyuma ya kochi, ikarudi kando ya kabati, na mzee ameketi na mtambo wa kuiendesha mapajani.

"Inatembea vizuri, taa inawaka," Nasike alisema. "Shida ni moshi. Ilikuwa inatoa moshi wa kweli, fundi, puf, puf, kama ile kubwa. Tangu Pasaka umekuwa ukififia, sasa ni kama haupo. Na Papa anasema treni bila moshi ni friji yenye magurudumu. Siku hizi hata kuiwasha hataki. Anakaa tu."

Alisema hilo la mwisho akitazama nje. Kibiwott akaigeuza injini, akakohoa kidogo.

"Rudi Alhamisi," akasema.

Mchana ule aliifungua. Chini ya bomba alikuta kikopo cha chuma kisichozidi kifuniko cha soda kwa upana. Ndani ya kikopo mlikuwa na waya mwembamba kuliko unywele, umezungushwa juu ya kijiti cheupe, na kando ya waya sufi iliyogeuka kahawia kwa kuungua. Alifurahi. Hii aliielewa. Waya hupata moto, moto huchemsha kitu, kitu hutoa moshi. Ni mashine ya vifaranga iliyokonda tu.

Nasike alikuwa amemwachia pia kichupa cha mafuta ya moshi, kimefungwa kwa karatasi, na maneno ya Fridah juu yake: matone manne kabla ya kuwasha. Kibiwott hakuyasoma. Alitaka kwanza kuona kama waya uko hai, kwa hiyo akaushika kwa vibanio viwili na kuuunga na umeme aliokuwa nao mezani, ule wa kujaribia mashine za vifaranga.

Waya uling'aa mwekundu, ukang'aa mweupe, ukakatika. Ilichukua muda wa kupepesa jicho mara mbili. Sufi ikatoa harufu ya jogoo aliyebabuliwa manyoya.

Kibiwott alikaa akakiangalia kile kikopo. Alielewa alichokifanya kabla harufu haijaisha. Umeme ulikuwa mwingi mno, na kikopo kilikuwa kikavu. Tena waya ule, mpaka alipougusa, ulikuwa mzima. Ugonjwa wa injini ulikuwa mahali pengine, naye amemuua mgonjwa kwa kipimo.

Alhamisi Nasike alipopiga simu, alimwambia kuna kipande anakitafuta. Alhamisi iliyofuata akasema kipande kimekaribia kupatikana. Ya tatu hakuishika simu. Injini ilikaa juu ya rafu, imefunikwa kwa kitambaa, naye akajikuta anafanya kazi akiwa ameipa mgongo.

Lorna ndiye aliyekifunua kitambaa. Alikuja kibandani kumletea chai, akaiona, akauliza, na Kibiwott akamwambia yote maana hakuwa na desturi ya kumficha.

"Huyo mzee anangoja," Lorna alisema.

"Najua."

"Anangoja kitu ambacho hakiko njiani. Hiyo si ni mbaya kuliko kumwambia imeharibika?"

"Nitaenda kumwambia nini, Lorna? Ati nimekuja kukueleza vile nilichoma injini yako?"

"Ndio. Hivyo tu. Mficha uchi hazai."

Jumamosi alivaa shati lake la kanisani, akaifunga injini kwa leso ileile, akasafiri hadi Bungoma. Nyumba ya Mzee Wekoye haikuwa mbali na reli. Kutoka mlangoni uliweza kuona nguzo ya zamani ya ishara, imesimama peke yake kwenye nyasi. Nasike alimpokea kwa heshima iliyopoa kidogo, akamwingiza sebuleni. Reli ndogo bado zilikuwa sakafuni, zimeshika vumbi.

Mzee alikuwa mfupi, kifua kipana, macho yake yamefunikwa na utando wa kijivu. Aliunyoosha mkono mbele kidogo ya mahali mgeni alipokuwa, na Kibiwott akausogelea.

"Huyu ndiye fundi wa Kitale?"

"Ndiye mimi, mzee. Nimekuja na injini yako. Lakini sikuja na habari nzuri." "Ilikuja kwangu ikiwa na shida ndogo. Mimi nikaiongezea kubwa. Nimechoma waya wa moshi. Hakuna mtu mwingine wa kulaumu, ni mimi."

Nasike, aliyekuwa ameshika trei ya chai, alisimama palepale. Alipapasa hadi akaipata injini mapajani mwa Kibiwott, akaichukua, akapitisha kidole gumba juu ya bomba.

"Uliwasha bila mafuta?"

"Ndio, mzee."

"Kavu kabisa?"

"Kavu kabisa."

Mzee akatingisha kichwa. Kibiwott alifikiri ni hasira, kumbe mabega yalikuwa yanacheka.

"Nasike, weka hiyo chai chini, mama. Huyu si mtu mbaya. Huyu ni fayaman."

Kisha akamsimulia. Ilikuwa mwaka wa sitini na tisa, naye yuko reli mwaka wa pili tu. Walikuwa wanapanda kutoka Soy kuelekea Kitale kuchukua mahindi, na mabehewa mawili ya abiria nyuma. Injini zao hazikula makaa, zilikula mafuta mazito meusi, na kazi ya fayaman ilikuwa kuzungusha vali na kutazama vitu viwili: rangi ya moshi na kioo cha maji. Siku ile alikuwa anautazama moshi. Ulikuwa mzuri, wa kijivu chepesi, na kando ya reli wasichana wa shule walikuwa wanapunga mikono. Kioo cha maji alikisahau.

"Maji yakashuka. Juu ya tanuri, chini ya maji, kuna kizibo cha risasi. Maji yakiisha, kinayeyuka, mvuke unaingia kuua moto kabla injini haijapasuka. Nikasikia fuuu. Kisha kimya. Treni nzima katikati ya shamba la watu. Abiria wakashuka wakatembea hadi Kitale na mizigo kichwani, kila mmoja akipita ananiangalia."

"Wakakufuta?"

"Dereva wangu alikuwa mzee Kiptum, mtu wa kwenu huko juu. Aliandika kwa ripoti kwamba kosa ni letu sisi wawili. Halikuwa lake. Na kesho yake asubuhi akaniita kwa jina langu, akanipa vali zilezile." Mzee akairudisha injini mapajani mwa Kibiwott. "Basi rudi nayo. Itengeneze."

"Mzee, sijawahi kutengeneza kitu kama hiki. Sijui kama nitaweza."

Nasike alimtazama baba yake, akamtazama fundi. Kisha akammiminia chai, na safari hii akatia sukari bila kuuliza.

Kibiwott alirudi Kibomet na kichwa kilichotulia. Kwanza alisoma maneno ya Fridah juu ya kichupa, mara mbili. Kisha akavikusanya vipande vya waya uliokatika, akavipima kimoja kimoja kwa mita, akajumlisha. Ilimpa ohm kumi na sita na kitu, kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme. Sasa alijua anachokitafuta.

Kukipata ndiko kulikuwa na kazi. Waya wa mashine ya nywele ulikuwa mnene, ungejaza kikopo chote. Waya wa birika ulikuwa bapa. Siku tatu alihangaika, mpaka alipokumbuka televisheni kuukuu chini ya meza, moja ya zile zenye mgongo. Ndani yake kuna vipande vyeupe vya udongo vinavyopunguza nguvu ya umeme. Akakipasua kimoja kwa nyundo, taratibu, kama mtu anayevunja yai asilotaka kupoteza, na katikati akakuta kijiti kilichozungushiwa waya mwembamba kabisa. Akapima. Kumi na tano. Akacheka peke yake.

Sufi nayo ilimsumbua. Alijaribu utambi wa koroboi, ukanyonya mafuta vizuri lakini ukaungua baada ya dakika mbili na kunukisha kibanda hadi Wangechi akaja kuuliza kama kuna saluni nyingine imefunguliwa inayochoma nywele. Utambi ulikuwa pamba, na pamba haiwezi kukaa na waya. Mwishowe akachukua ile soksi ya nyuzi za kioo inayovalishwa nyaya ndani ya pasi, kwa kuwa haishiki moto. Akaichambua kwa kibano na kuipanga kando ya waya, iuguse bila kuubana. Matone manne. Akahesabu kwa sauti. Akapunguza umeme hadi chini, akapandisha kidogo kidogo.

Kutoka ndani ya kikopo ukatoka uzi wa moshi mweupe. Kibiwott alikaa akautazama hadi ukaisha, kisha akamwita Lorna aje kuuona, na ikabidi atie matone manne mengine.

Kwa hiyo aliporudi Bungoma alikwenda akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Nasike alikuwa amezifuta reli kwa kitambaa. Injini ikawekwa, mzee akapewa mtambo mapajani, akausukuma mpini. Treni ikaondoka, ikapita nyuma ya kochi, na moshi ukatoka kwa bomba.

Nasike alipiga makofi. Kibiwott akageuka kumtazama mzee. Mzee hakuwa amecheka. Alikuwa ameinamisha sikio.

"Isimamishe hapa mbele yangu," alisema. "Iinue magurudumu yasiguse, lakini iendelee kuzunguka."

Waliiweka juu ya vitabu viwili, nyaya za mtambo zimeshikiliwa chini yake kwa mkono. Mzee akaweka kiganja chake juu ya bomba, karibu kabisa. Moshi ukapita kati ya vidole vyake, ukipanda polepole.

"Moshi upo," akasema. "Lakini huu ni moshi wa chungu cha maharagwe. Injini haipumui. Nasikia kitu kinagonga tumboni, tak, tak, kinajaribu kusukuma, lakini mkononi sipati kitu. Fundi, huko ndani kuna pampu?"

Ilikuwepo. Kibiwott aliiona siku ya kwanza, pistoni ndogo chini ya kikopo, inayoinuliwa na gia kila magurudumu yanapozunguka. Alijua inasukuma hewa. Hakuwahi kujiuliza hewa inapita wapi.

"Sisi tulikuwa tunatupa mchanga," mzee akaendelea. "Mafuta mazito yanaacha masizi kwa mirija. Injini inachoka, haivuti. Basi ukiwa kwa mlima, unachota mchanga na kijiko kirefu, unatupa kwa moto. Unavutwa kwa mirija, unasugua, na bomba linakohoa weusi mpaka mbingu inafunga. Mama wa kufua nguo kando ya reli walikuwa wanatulaani." Akatabasamu. "Angalia njia ya pumzi. Imeziba."

Kibiwott aliifungua palepale juu ya meza ya kulia chakula, skrubu zimepangwa kwenye kisahani cha kikombe. Alikitoa kikopo, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Chini yake mlikuwa na tundu dogo kama jicho la sisimizi, na ndani ya tundu ukoko mweusi, mgumu kama lami. Huo ndio uliokuwa ugonjwa tangu Pasaka. Haukuwa waya wala sufi.

"Nasike, una sindano?"

Alileta sindano ya kushonea vifungo. Kibiwott akalizibua tundu kwa subira, akizungusha bila kusukuma, na vumbi jeusi likadondoka juu ya kitambaa cha meza. Nasike akasema kitambaa si kitu. Kibiwott akapuliza, akaweka jicho, akaona mwanga upande wa pili. Akafunga kila kitu, akahesabu matone manne, mzee naye akiyahesabu pamoja naye chini ya pumzi.

Safari hii kiganja cha mzee kilipokaa juu ya bomba, uso wake ulibadilika. Puf. Puf. Puf. Kibiwott aliuona moshi ukimpiga kiganjani kwa vipande, kila kipande na nafasi yake. Mzee aliufuatisha kwa vidole vya mkono mwingine kwenye goti lake, muda mrefu.

"Ile kubwa inapiga nne kwa mzunguko mmoja," alisema mwishowe. "Hii inapiga mbili. Lakini ni ndogo, tutaisamehe."

Waliiendesha hadi chupa ikabaki robo. Nasike aliipiga picha za video, akamtumia Fridah, na Fridah akazituma mahali ambapo watu wenye vitreni hukutana mtandaoni. Wiki mbili baadaye Kibiwott akapigiwa simu na mwanamke asiyemjua, mwalimu mkuu mstaafu aitwaye Nyaruai, kutoka upande wa Nyeri.

"Ni wewe fundi wa moshi?"

Kibiwott akakohoa kidogo. Kisha akajisikia akisema: "Nimetengeneza moja tu, mwalimu. Na kabla ya kuitengeneza niliiharibu. Ukitaka kunitumia yako, ujue hivyo."

"Wengine wote waliniambia wanajua," Nyaruai akasema. "Nitakutumia."

Ikaja kwa sanduku lililojazwa magazeti. Ikafuata ya daktari wa Eldoret, kisha mbili za bwana mmoja wa Naivasha. Si nyingi, kazi ya pasi na vifaranga ndiyo iliyoendelea kulisha nyumba. Lakini rafu ya juu ilitengwa kwa injini. Kila moja ilipokataa kupumua, Kibiwott alimpigia Mzee Wekoye, akaiweka simu karibu na magurudumu yanayozunguka, na kutoka Bungoma mzee angesema gia imekula jino, au pistoni imekauka, au angesema, "Ngoja, Nasike azime hiyo redio, sisikii," halafu aseme. Mara nyingi alikuwa sahihi. Alipokosea alikuwa mgumu kukubali, na Kibiwott alijifunza kumpa siku mbili.

Lorna hakuwa na neno baya juu ya kazi hiyo, ila aliiona kama michezo ya wanaume waliokomaa. Mwezi wa nane Kibiwott alimbembeleza waende pamoja Bungoma. Nasike alikuwa amepika kuku kwa ugali wa wimbi, na baada ya chakula mzee akaomba mgeni apewe mtambo.

"Mimi?" Lorna akasema. "Mimi sijui vitu kama hivi, baba."

"Sukuma mpini tu. Polepole."

Aliusukuma polepole. Treni ikaenda ikipumua, ikapita nyuma ya kochi, ikatokea upande wa pili, na Lorna akainuka kidogo kitini ili asiipoteze. Mzunguko wa pili alisukuma zaidi. Wa tatu zaidi. Kibiwott aliona midomo ya mke wake imebanwa kama anapompita mtu barabarani akiwa kwenye pikipiki yake, na akajua kitakachotokea, lakini hakusema.

Kwenye kona ya kabati injini iliruka reli, ikalala ubavu ikiendelea kupuliza moshi chini ya kabati.

Lorna aliweka mikono mdomoni.

"Imeanguka wapi?" mzee akauliza kwa utulivu.

"Kona ya kabati, Papa," Nasike akamjibu.

"Hapo ni pabaya. Hata Kiptum angepunguza." Mzee akanyoosha mkono kumtafuta Lorna, akaupata wake, akaupigapiga. "Simamisha umeme kwanza, binti yangu. Sasa mwambie bwana yako aiokote, halafu uanze tena kutoka stesheni."

Kibiwott alikuwa tayari amelala kifudifudi sakafuni, mkono wake wote chini ya kabati, shati la kanisani likikusanya vumbi.